Sebule Ndiyo Spika ya Tatu

Mjini Moshi sabufa hazisubiri mteja aingie dukani. Asubuhi zinatolewa barazani, zinapangwa moja juu ya nyingine, taa zake za bluu na nyekundu zinachezacheza mchana kweupe, na kila duka linapiga wimbo wake kwa nguvu ya kulifunika la jirani. Anayetoka stendi kwenda Mbuyuni husikia nyimbo tatu kwa mpigo na asiambulie hata mmoja. Hapo ndipo wengi wetu tulipofundishwa kununua muziki wa nyumbani. Unasimama juani, muuzaji anaweka wimbo wenye besi nzito, kifua kinatetemeka, mnapatana bei, boksi linafungwa nyuma ya bodaboda.

Sina ugomvi na sabufa. Imefikisha muziki kwenye nyumba ambazo zamani zilikuwa na redio moja ya betri, tena ya baba, isiyoguswa na mtoto. Ila niseme ninavyoiona: sabufa hununuliwa kwa ajili ya jirani. Spika za stirio, zile mbili za mbao zisizo na taa wala rimoti, hununuliwa kwa ajili ya aliyekaa mbele yake. Nimekuwa nikiishi na jozi mpya ya namna hiyo sebuleni kwangu, Soweto ya hapa Moshi, tangu mvua za vuli, na zimenifundisha habari za nyumba yangu kuliko habari za muziki.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotumika kutuuzia. Boksi la sabufa huandikwa wati elfu kadhaa, na pembeni yake herufi nne: PMPO. Sasa soketi ya ukutani ina volti 230, na plagi ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha, unapata wati 2,990. Sabufa inayojitangaza kuwa na wati 10,000, kama ingezitoa kweli kwa muda wa wimbo mmoja, ingeunguza fyuzi kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza. Hizo herufi nne ni kilele cha kufumba na kufumbua ambacho hakuna kanuni inayokubalika ya kukipima; kila kiwanda kinajiandikia.

Geuza upande wa pili. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati moja tu hutoa sauti ya desibeli kama 87 kwa umbali wa mita moja. Watu wakizungumza mezani hufika kama 60. Maana yake, jioni nzima ya muziki wa sauti ya heshima hula wati moja, mara nyingi pungufu, na wati nyingine zinakaa akiba kwa ajili ya mshindo wa ngoma. Ukitaka sauti isikike imekua maradufu, sikio linadai nguvu mara kumi. Kwa hiyo kutoka wati 50 kwenda 100 ni badiliko dogo sana masikioni, hata kama ni kubwa kwenye risiti. Na umeme wa LUKU unaoliwa na amplifaya ya kawaida hauna haja ya kuwekewa kikao cha familia. Pasi na hita ya maji ndivyo vya kuogopwa.

Spika zenyewe hazina siri. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walieleza umbo lake mwaka 1925: koili ya waya imezungukwa na sumaku na kushikizwa kwenye koni ya karatasi, umeme ukiyumba, koili inayumba, koni inasukuma hewa. Miaka mia moja imepita na bado ndivyo. Kilichobadilika ni aina ya koni, gundi, hesabu za kasha, na bei. Ndani ya jozi yangu kuna wufa kwa ajili ya sauti nzito na za kati, twita ndogo ya kitambaa kwa ajili ya sauti nyembamba, na krosova inayogawa kazi kati yao. Nyuma kuna tundu la kupumulia. Mjusi wa ukutani alilipenda tundu hilo tangu wiki ya kwanza, nikaliwekea wavu.

Mkubwa wa mambo ni sebule. Sebule za mjini Moshi zinafanana kiasi kwamba ukiingia ya mtu mwingine gizani hutagonga meza. Kuta za bloku zimepigwa plasta na rangi ya mafuta. Sakafu ina vigae. Dari ni jipsamu yenye ngazi na taa za kujificha, dirisha la alumini lina grili, na pembeni limesimama kabati la vyombo lenye milango ya vioo, ndani yake vikombe vya wageni na picha ya kipaimara. Ukiondoa makochi na pazia, kila kilichomo humo hurudisha sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba kisicho na kapeti, utalisikia likikimbizana kati ya kuta mbili kabla halijafa. Kila mwimbaji unayemkaribisha nyumbani hupatwa na hayo hayo. Mtu hununua spika mbili dukani, ya tatu alishaijenga mwenyewe kwa tofali, na hiyo ya tatu ndiyo inayopiga kelele kuliko zote.

Upande wa besi ni mgumu zaidi. Sauti nzito ina wimbi refu. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita nane. Chumba chenye urefu wa mita nne kinaipokea nusu ya wimbi hilo karibu sawasawa, ukuta hadi ukuta. Wimbi likigonga bloku linarudi, linakutana na mwenzake anayekuja, yanapandana. Noti hiyo moja inavimba na kuchelewa kuondoka, wakati zile zinazoifuata zinabaki za kawaida. Ukikaa katikati ya chumba karibu inapotea; ukisogeza kochi hadi ukutani inakuangukia kichwani. Hakuna amplifaya ya kuitibu kasoro hiyo, kwa kuwa haimo ndani ya amplifaya. Na kama fundi alikujengea sebule ya mita nne kwa nne, amekupa tatizo hilo mara mbili, la urefu na la upana kwa noti ile ile. Kwangu ameniokoa kidogo: nne kwa tatu na nusu.

Watu wengi wakisikia mvumo huo husema spika zina besi nzuri. Kumbe ni ukuta.

Tiba haihitaji dola. Kapeti nene sakafuni kati ya spika na wasikilizaji huzuia mrudio wa vigae. Pazia zito, lile la kukunjwa mara mbili, hutuliza kioo cha dirisha. Rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti ukutani husambaza kilichobaki. Na makochi yetu makubwa ya sponji, yanayochekwa na wapambaji wa kisasa wa Instagramu, ni msaada mkubwa ambao wenye viti vya ngozi na chuma hawana. Vitambaa vya kufuma navyo havina kosa mpaka vitandikwe juu ya twita. Hapo kwetu palizuka mjadala.

Spika zinataka kusimama mbali na kona, zikiachana na ukuta wa nyuma yake kwa nusu mita au zaidi, kwa sababu kona huongeza besi isiyoombwa. Zinataka pia twita iwe kwenye usawa wa sikio la aliyekaa, na umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali wa kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji. Kwa maneno mengine, mahali zinapolia vizuri ndipo watu wanapopita kwenda jikoni.

“Baba, hizi ni spika au wageni?” mama watoto aliniuliza siku ya kwanza. “Mbona zimesimama katikati ya njia?”

Tulikubaliana baada ya siku kadhaa na majadiliano ambayo sitayaandika. Mchana zinarudi ukutani, kitambaa kinatandikwa juu ya kasha na si mbele yake, chombo cha maua ya plastiki kinahamia kwenye televisheni kwa sababu kilikuwa kinazizima kila besi ikipita. Usiku, watoto wakilala, zinasogea mbele hadi kwenye vipande vya solotepu nilivyobandika sakafuni. Kabati la vyombo lilichukua muda zaidi. Kila glasi ina noti yake ya kuilizia. Bakuli la supu lina ya kwake. Kioo cha mlango kina ya kwake. Niliwasaka mmoja mmoja kwa kupiga wimbo ule ule na kushika kitu kimoja kimoja kwa mkono, mpaka nikajua kwamba mkorofi mkubwa ni trei ya stenlesi iliyoegemezwa nyuma ya sahani. Kipande cha kitambaa kilimaliza kesi.

Stendi nilichongesha kwa fundi wa kuchomelea, Majengo. Alipima, akaniangalia.

“Mzee, hii meza mbona nyembamba hivi?”

“Ya spika, fundi.”

“Spika si zinakaa chini?”

Nikamweleza habari ya usawa wa sikio, akatikisa kichwa kwa adabu ya fundi ambaye malipo ya awali ameshapokea. Bomba za chuma za mraba tulizijaza mchanga mkavu wa kujengea ili zisilie zenyewe. Hiyo alikubali mara moja, kwani alishagonga bomba tupu na lililojaa akasikia tofauti. Kuhusu waya nitasema kwa ufupi: waya laini wa shaba wa milimita 2.5 za mraba kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha nyumba yoyote ya Moshi. Anayekuuzia waya wa bei ya baiskeli anauza hadithi.

Ukishafunga, usianze na wimbo. Weka redio, taarifa ya habari, msomaji mmoja. Sauti yake itoke hewani katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kitu. Kama imetawanyika kila upande na besi imekonda, kuna spika moja ambayo waya wa chanya na hasi umebadilishana. Koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Ni kosa la kawaida mno, na nimekuta nyumba ambazo zimeishi nalo bila kujua. Mtu huyo wa hewani ndiye kiini cha stirio. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, aliombea wazo hilo hataza mwaka 1931. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe, akakerwa na mwigizaji aliyesimama upande huu wa pazia huku sauti yake ikitokea upande mwingine. Walaji wa kawaida walisubiri karibu miaka 30 kabla ya kupata santuri za stirio madukani.

Kukaa kusikiliza si jambo tulilofundishwa na wageni juzi. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV, na santuri zao zikanunuliwa pwani na bara. Huku mlimani, wazee wakilipwa vizuri kahawa yao, chama cha ushirika kikishakata chake, redio mpya ilipanda kijijini. Baadaye zikaja National za kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 1966, na Philips zilizounganishwa Arusha. Radiogramu ilikuwa samani, imefunikwa kitambaa, na ikifunguliwa wote wanakaa. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, santuri zilizokuwa zikichapwa Nairobi zikawa adimu upande huu. Zilizopita njia za panya za Rombo ni makala nyingine. Kaseti ilipoingia ilileta wingi, kisha simu ikaleta wingi usio na mwisho, na kukaa kukafa taratibu bila mtu kutangaza msiba.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza la kweli lilikuwa Les Wanyika. Ndugu wawili Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, wakapitia jirani yetu Arusha walikokuwa na Arusha Jazz, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakahamia Nairobi na kuwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga na kuunda Les Wanyika, akiwemo mpiga besi Tom Malanga. Kila mtu Afrika Mashariki anaijua “Sina Makosa”, na kila harusi ina sabufa ya kuipigia. Lakini kwenye sabufa besi ya Malanga ni mvumo unaopanda na kushuka. Kwenye spika zilizokaa mahali pake, besi ile inatembea. Inasimama, inaacha nafasi, inarudi kwa kuchelewa kidogo makusudi, na gitaa la kati linaingia kwenye ile nafasi. Nimeusikia wimbo huo maisha yangu yote, na nilikuwa nimesikia robo tatu.

Kisha Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, mwaka 1947, ambaye Tanzania ilimchukua kuwa wake hadi alipofariki mwaka 2010. Bendi nyingi za wakati wake zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania, wanamuziki wote chumbani kwa pamoja, vipaza sauti vichache, wimbo unapigwa mwanzo hadi mwisho. Rekodi hizo zina uhai ila zimebanwa. Remmy na Super Matimila walipata bahati ya kuingia studio za Real World za Uingereza, wakatoa “Songs for the Poor Man” mwaka 1989 na “Mambo” mwaka 1992. Ukitaka kujua dansi la Dar lingesikikaje kama lingepewa vifaa vyote, ndizo albamu za kuweka. Magitaa yanajibizana kutoka pembe tofauti za sebule, na unaweza kumfuata mmoja ukamwacha mwingine, sawa na unavyofanya ukiwa ukumbini.

Bongo Fleva ya leo, kwa hukumu yangu, ina wahandisi wazuri wanaolazimishwa kufanya jambo baya: kila kitu kinasukumwa juu hadi dari ili wimbo usikike mkali kwenye simu na daladala. Spika nzuri haziwezi kurudisha kilichokatwa. Wala haziwezi kuficha ubovu wa faili. Wale vijana wa vibanda wanaokujazia flashi nyimbo elfu mbili kwa bei ya chipsi hupunguza uzito wa faili ili zote zienee. Kwenye sabufa hutajua, kwenye twita ya kitambaa matoazi yanalia kama vitumbua vikikaangwa. Nimefuta nyingi. Zilizobaki nazipata kwenye CD za zamani, na kwenye huduma za kulipia za intaneti zenye ubora unaoweza kuuchagua.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa mjini hawalijui, kwamba watu wa mlima huu wana masikio yaliyosomeshwa. Nitalieleza kwa mfano wa mbali. Gilbert Briggs, Mwingereza wa Yorkshire aliyeanzisha Wharfedale mwaka 1932 kwa kutengeneza spika kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, alikuwa na ujasiri wa kujipima hadharani. Mwaka 1954 aliita watu kwenye ukumbi wa Royal Festival Hall, London, akaweka wanamuziki hai na spika jukwaa moja, ili wasikilizaji walinganishe muziki wenyewe na rekodi yake. Mwaka uliofuata akavuka bahari na kufanya vile vile Carnegie Hall, New York. Alitaka watu wahukumu spika kwa kile wanachokijua kwa macho na masikio yao, wala si kwa maelezo ya karatasi.

Kipimo hicho tunacho bure kila Jumapili. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Walutheri hao wa Kijerumani walituachia utamaduni wa matarumbeta unaodumu hadi leo katika sharika za KKKT, kwenye ibada za sikukuu na kwenye mazishi. Mtoto wa Marangu, Old Moshi au Machame amesimama mita tatu kutoka kwenye tromboni kabla hajajua kusoma. Anajua kwamba sauti ya chombo hicho huanza na makali, kisha mwili unafuata. Spika mbovu hutoa makali peke yake, au huyafuta kabisa na kubakiza mwili mlegevu. Kwa Wakatoliki wa Kibosho na Kilema, kipimo ni kwaya: sauti ya tatu na ya nne zisimeze ya pili. Nenda dukani na rekodi ya kwaya yenu, hata kama ni ya simu iliyorekodiwa vizuri, umwambie muuzaji azime ule wimbo wake wa kutetemesha.

Tena Moshi ina historia ya sauti kuliko sifa inazopewa. Studio ya Sauti ya Injili ilitayarisha hapa vipindi vya Kiswahili vya Radio Voice of the Gospel, kituo cha Walutheri cha Addis Ababa kilichofunguliwa mwaka 1963 na kutwaliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977. Vipindi vilirekodiwa chini ya mlima huu, vikaenda kurushiwa Ethiopia, vikarudi kwa masafa mafupi kwenye redio za migombani. Babu aliyekuwa akizungusha kitufe gizani kutafuta kituo katikati ya mikwaruzo alikuwa msikilizaji makini kuliko mimi na kapeti langu.

Kwa anayetaka kuanza, si lazima vitu vipya. Spika zilizotumika kutoka Ulaya zinaingia kwa kontena, Dar es Salaam na Zanzibar, na nyingine zinafika hadi huku. Kagua ukingo unaoshikilia koni. Ukiwa wa sponji, joto na unyevu wetu huula. Ukiugusa kwa kidole unaachia unga. Fundi mzuri hubandika mpya, ila bei ya spika ishuke kwa kiasi hicho. Ukingo wa mpira hudumu. Sogeza sikio hadi kwenye kila twita, uhakikishe inaongea. Twita iliyoungua mara nyingi haikuuawa na amplifaya kubwa. Iliuawa na ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho, ikaanza kukoroma, na ukorofi wote wa mkoromo huo ukaishia kwenye koili nyembamba. Kama una watoto wadogo, nunua zenye wavu wa chuma mbele. Kidole cha mtoto na kuba la twita vina mvuto ambao wahandisi hawajauelezea. Na umeme ukikatika, zima swichi ukutani kabla haujarudi, maana hurudi na kishindo.

Desemba nilizipakia kwenye gari, zikapanda Kibosho na familia kwa Krismasi. Nilitaka kujua zitasemaje kwenye nyumba ya mzee, ya mbao na bati, iliyozungukwa na migomba. Jibu la kwanza lilikuja na mvua: ikipiga bati lisilo na dari, hakuna spika duniani, unazima na kusubiri. Jibu la pili lilinifurahisha. Kuta za mbao huachia sehemu ya besi ipite nje badala ya kuirudisha, na ule uvimbe wa Soweto haukuwepo. Sauti ilikuwa nyepesi na ya kweli, bila kapeti wala solotepu.

Nje mambo yalikuwa kinyume. Vijana wa ukoo walitaka zitolewe uani, karibu na mbege na nyama. Tukazitoa. Zikapwaya, pasipo kuta besi ilitawanyika hadi mgombani, na watu waliokuwa wakicheza wakasimama kunitazama. Ikaletwa sabufa ya binamu, uwanja ukachangamka, na sikuwa na hoja. Ilikuwa pale kwa ajili ya watu wengi, na ilifanya kazi yake vizuri. Ilipofika saa sita usiku ndipo nikamwomba apunguze, na si kwa wivu. Usiku wa mlimani hewa ya baridi huteremka na kutanda chini, ya vuguvugu ikabaki juu yake, na sauti inayopanda hupindwa na kurudishwa ardhini, hivyo besi inavuka korongo na kumwamsha mgonjwa wa kilima cha pili. Zipo kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinazosimamiwa na baraza la taifa la mazingira, NEMC, ila huku jirani hukujia kabla ya kanuni. Masikio nayo yana mgawo wake: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu.

Asubuhi yake baba mdogo aliniita ndani. Ni mpiga tarumbeta mstaafu wa usharika; alioa kwenye familia ya Machame akahamia kanisa la mke, jambo ambalo Kibosho bado linatajwa. Akaagiza zile spika zirudi mezani, akanipa flashi yenye rekodi ya matarumbeta ya mazishi fulani ya miaka ya nyuma, iliyonakiliwa kutoka kwenye kaseti. Alikaa wima, mikono juu ya fimbo. Tulifika katikati ya wimbo wa pili, akanyoosha kidole kuelekea mahali pasipo na kitu, kulia kidogo ya dirisha.

“Huyo wa besi amechelewa kuingia.”

Nikamwambia sikusikia.

“Rudisha. Miaka yote hii alikuwa anasema ni mimi.”